Okestra Ndogo ya Nyuzi Ikija Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenyeji wanaoandaa onyesho, walimu wa muziki, vijana wanaobeba vyombo, na yeyote aliyekata tiketi akataka kujua anakwenda kusikia nini. Unahusu okestra za vyombo vya nyuzi, yaani fidla, viola (kubwa kidogo kuliko fidla), chelo (kubwa zaidi, hupigwa mtu akiwa amekaa) na besi (kubwa kuliko zote), zinazohama mji baada ya mji. Sehemu kubwa ni habari za joto, unyevu na upepo, kwa kuwa hapa pwani hayo ndiyo yanayoamua kama usiku utakuwa mzuri au utaharibika.

Okestra ndogo ni watu wangapi?

Kuanzia 12 hadi kama 40. Inayosafiri na nyuzi peke yake mara nyingi haizidi watu 14 au 15: fidla za kwanza 4, fidla za pili 4, viola 3, chelo 2 na besi 1. Ikitaka kupiga simfoni za karne ya 18 huongeza vyombo vya kupuliza: obo 2 na honi 2. Okestra kubwa ya simfoni hufika watu 80 hadi 100, na humo kosa la mtu mmoja humezwa na sauti za wenzake. Katika watu 14 hakuna pa kujificha. Mpiga viola akichelewa kuingia, hata aliyekaa safu ya nyuma atamsikia.

Mbona hakuna mtu mbele anayepunga kijiti?

Okestra nyingi za ukubwa huu hazimhitaji. Orpheus ya New York inapiga bila mwongozaji tangu 1972. Academy of St Martin in the Fields ya London, iliyoanzishwa 1958, ilianza kwa kuongozwa na Neville Marriner akiwa kitini na fidla yake mkononi.

Anayeongoza ni mpiga fidla wa kwanza, yule anayekaa ukingoni mwa jukwaa, mkono wa kushoto wa watazamaji. Kabla ya kuanza huinua uta, ule mti wenye nywele wa kupigia nyuzi, na kuvuta pumzi ya puani, na kasi ya pumzi hiyo ndiyo kasi ya muziki. Wenzake huvuta pumzi pamoja naye. Baada ya hapo, mwendo hushikwa na besi na chelo kutoka chini, na fidla zinazocheza juu hupata uhuru wa kunyoosha sauti hapa na kuharakisha kidogo pale. Ukiona macho ya wengi yamehamia kwa mpiga besi, basi hapo ndipo mwendo unapoweza kuteleza.

Maamuzi hufanywa kabla. Viongozi wa kila kundi la chombo, watu watano hivi, hukutana kwanza peke yao. Hukubaliana kasi, wapi sauti ishuke, na uta uende juu au chini katika kila sentensi ya muziki, kisha huyapeleka kwa wote na kila mtu huyaandika kwa penseli kwenye nota zake. Watu 14 wakianza kujadili kila kitu kwa pamoja tangu mwanzo, saa tatu za mazoezi hupita na ukurasa wa kwanza haujaisha.

Jambo moja wenyeji wengi hulikosea hapa. Sauti huchukua karibu sehemu 3 za mia za sekunde kusafiri mita 10, na kwa wapigaji wanaofuatana kwa masikio hilo ni pengo kubwa. Wanamuziki wanataka kukaa karibu karibu, nusu duara. Tafadhali usiwatawanyishie viti ili jukwaa pana lionekane limejaa.

Mbona wengine hupiga wamesimama?

Mwili ukiwa umesimama huonyesha pumzi na mwendo wazi zaidi, na kufuatana huwa rahisi. Australian Chamber Orchestra ni maarufu kwa hilo. Wapiga chelo hukaa, lakini huwekewa ubao wa kuwainua ili macho yao yafikie ya wenzao. Kama watasimama, watauliza mapema kuhusu ubao huo: sentimita 20 hadi 30 kwenda juu, mita 1.5 kwa 1.5 kwa kila mmoja, na ubao usitoe mlio ukikanyagwa.

Unyevu wa Mombasa unaviathiri vipi vyombo?

Vyombo vilivyotengenezwa Ulaya hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Hapa kwetu hewa huwa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka. Mbao hunyonya maji na kuvimba. Kifua cha chelo huinuka, nyuzi huwa juu mno na kidole hupata taabu kuzikandamiza, na sauti hufubaa. Ndiyo maana wapiga chelo wenye uzoefu husafiri na madaraja mawili, moja likiwa fupi kidogo kwa ajili ya nchi za unyevu. Daraja ni kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi juu ya kifua, na hubadilishwa na fundi. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo huvimba na kukwama, ukivilazimisha huvunjika.

Nywele za uta ni za mkia wa farasi, na uta mmoja wa fidla huwa na nywele kama 150 hadi 200. Zikipata unyevu hurefuka, na mpigaji hukaza skrubu mpaka mwisho bila uta kukazika. Anayejua anakokuja humwomba fundi amfungie nywele fupi kidogo kabla ya safari. Lakini uta huohuo ukiingia kwenye chumba cha hoteli chenye eisii kali, nywele hujikunyata na kuuvuta mti mpaka upinde, au ncha ivunjike. Kwa hiyo uta hulegezwa kila baada ya kupiga, hata kama mapumziko ni ya dakika 20.

Gundi ya fidla ni ya ngozi za wanyama, na hulainika kwa joto na unyevu. Ukisikia sauti ya kukwaruza au ya bati, gonga pole pole ukingoni kwa kifundo cha kidole. Penye mlio mfu, mshono umeachia. Usitie gundi ya dukani ya kukauka papo hapo. Mshono umeundwa uachie kabla mbao haijapasuka, na fundi akiwa na gundi yake ya moto huufunga na kuubana kwa vibanio usiku kucha. Gundi ngeni humlazimu apasue mbao nzima.

Gari lililofungwa kwenye jua la Mombasa ni hatari kuliko yote haya. Vanishi hulainika mpaka kitambaa cha kasha kikaacha alama mgongoni mwa fidla. Chombo hakiachwi garini hata kwa muda wa kunywa chai.

Basi tuwashe eisii ukumbini?

Washeni mapema au msiwashe kabisa. Kibaya zaidi ni kufanya mazoezi mchana katika joto la nyuzi 31, kisha kuwasha eisii watu wanapoanza kuingia. Chombo kilichotyuniwa saa kumi hakitakuwa kilekile saa mbili usiku. Ikiwa itatumika, iwe imewashwa kwa muda wa saa mbili kabla ya mazoezi na isizimwe hadi mwisho. Na chombo kinapohama kutoka basi lenye baridi kwenda hewa ya nje, kasha lisifunguliwe kwa dakika 30 hadi 60, la sivyo umande utajijenga juu ya vanishi na nyuzi.

Feni kubwa za dari hupeperusha nota na kuvuma katika sehemu za muziki wa chini. Zizimwe zile zilizo juu ya jukwaa, zilizo juu ya watu ziende mwendo wa pole.

Rosini gani inafaa hapa?

Rosini ni utomvu mkavu unaopakwa kwenye nywele za uta ili zishike uzi. Inayofaa ni ya rangi hafifu, kwa sababu ni ngumu zaidi. Ile nyeusi na laini hunata kwenye joto na kuacha utando juu ya nyuzi. Ya besi ndiyo laini kuliko zote, na ikiachwa ubavu hutiririka ndani ya kasha. Iwekwe kwenye kikopo chenye kifuniko, wima.

Chelo na besi husafiri vipi?

Fidla na viola huingia na abiria katika ndege. Chelo hununuliwa kiti chake. Huwekwa dirishani, hufungwa kwa mkanda wa kurefusha, na haikubaliwi safu ya mlango wa dharura. Lazima shirika lijulishwe wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. Wengi hukwama kwenye kaunta kwa sababu tiketi ya pili ilikatwa kwa jina lisiloonyesha kuwa ni ya chombo. Besi huenda kwa mizigo katika kasha gumu, nyuzi zikiwa zimelegezwa lakini si zote kuondolewa: daraja likianguka, nguzo ndogo iliyosimama ndani ya chombo huanguka nayo, na kuirudisha kunahitaji fundi na chuma maalumu. Okestra nyingi huamua kuazima besi mjini, na hapo mwenyeji anaweza kusaidia sana kwa kutafuta mapema besi yenye nyuzi nzuri.

Kutoka Nairobi, reli ya SGR huchukua saa tano hadi sita na humwaga abiria Miritini. Fikeni kituoni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa na mbwa ikiwa chini sakafuni, na makasha yatafunguliwa. Barabara ni takriban kilomita 480. Besi ya urefu wa mita 1.8 huingia ndani ya Coaster ikilazwa ubavu kwenye viti vya nyuma, bila begi lolote juu yake. Onyesho likiwa Diani, mhesabu foleni ya feri ya Likoni, au mzunguke kwa Dongo Kundu.

Forodhani kuna shida gani?

Kubwa ni pembe na ng'amba. Nyuta za zamani huwa na kipande cha pembe ya ndovu kwenye ncha, na baadhi zina kishikio cha gamba la kasa ng'amba. Viwili hivyo vimezuiliwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na Kenya, nchi iliyochoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, haina mzaha na jambo hili. Uta wa aina hiyo ubaki nyumbani. Kwa safari, ncha ya mfupa au plastiki inatosha.

Mti wa nyuta bora ni pernambuko ya Brazil, iliyoingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2007. Mpingo wetu wa Afrika Mashariki, unaotengenezewa obo na klarineti duniani kote, uliingizwa mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vilivyokamilika vimeondolewa sharti la kibali cha CITES. Kila okestra iwe na orodha moja ya vyombo vyote: aina, mtengenezaji, namba, thamani na picha. Nakala tatu, mhuri wakati wa kuingia, na orodha hiyohiyo ionyeshwe wakati wa kutoka.

Ukumbi gani unafaa Mombasa?

Swali la kwanza si idadi ya viti. Ingia, piga kofi moja kubwa, hesabu mpaka mwangwi uishe. Sekunde moja hadi moja na nusu ni raha kwa okestra ndogo. Makanisa makubwa ya Nkrumah Road yenye dari za juu hurudisha sauti kwa muda mrefu zaidi. Humo wapigaji hupunguza kasi, hufupisha kila pigo la uta, na besi hupiga kwa wepesi ili sauti za chini zisigeuke tope. Ukumbi mtupu husikika tofauti na uliojaa, maana miili na nguo hunyonya sauti. Mazoezi ya mchana yakionekana kuwa na mwangwi mwingi kidogo, usiku yatakuwa sawa.

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 2011, inavutia macho, lakini uani mwake hakuna dari wala mwangwi. Waketishwe wapigaji wakiwa wameupa mgongo ukuta, karibu nao, ukuta uisukume sauti mbele. Tazameni upepo: majira ya kaskazi hutoka upande mmoja, kusi hutoka mwingine, na sauti hufika mbali zaidi ikienda na upepo. Watazamaji wakae unakokwenda upepo. Kila stendi ya nota ipate vibanio vinne vya nguo, viwili kila upande. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya onyesho kwa sababu ya chumvi.

Nje mtahitaji vipaza sauti: viwili juu ya okestra vyenye soksi za kuzuia upepo, na kimoja karibu na besi. Fundi mitambo asiongeze besi kama afanyavyo harusini. Sauti inayotakiwa ni ile ambayo msikilizaji wa nyuma hatambui kuwa kuna spika. Jenereta iwe mbali, nyuma ya jengo.

Ukumbi wa mabati usikodishwe kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Mvua ya masika ikigonga bati, okestra itasimama tu na kusubiri.

Jukwaani tuandae nini?

Kwa watu 14 hadi 16, nafasi ya mita 7 kwa 5. Viti visivyo na mikono, vya kalio lililo tambarare. Vile vya plastiki vya harusini havifai: mikono yake huzuia kiwiko cha uta na kiti humlaza mtu nyuma. Stendi moja kwa watu wawili, isipokuwa besi yenye yake na kiti kirefu. Sakafu ya tarazo au vigae huteleza, kwa hiyo mwiba wa chelo (chuma cha chini kinachoisimamisha) hutafutiwa kipande cha zulia au mkanda unaofungwa mguuni mwa kiti. Taa iangaze karatasi kutoka juu, isiwapige wapigaji machoni. Maji ya kunywa yawe ya kawaida, si ya barafu, na beseni la kunawia liwe karibu. Viazi karai ni vitamu, ila mafuta yake kwenye uzi wa fidla huzuia uta kushika.

Onyesho lianze saa ngapi?

Magharibi hapa huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo, na isha hufuata saa moja na kitu. Ukianza saa moja, adhana itaingia katikati ya sehemu ya polepole, na nusu ya watu watakuwa msikitini. Saa mbili na robo usiku ndiyo saa nzuri. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, au ahirisheni.

Siku ya onyesho hupitaje?

Wakiwasili siku hiyohiyo, vyombo hupumzishwa kwanza. Kupima sauti huanza kama saa kumi jioni kwa dakika 75 hadi 90, na si kupiga programu nzima. Hupigwa mianzo, miisho, na zile sehemu kasi inapobadilika. Mmoja wao huzunguka ukumbini kusikiliza na kurudi na ripoti. Chakula kiliwe muda wa saa mbili kabla ya onyesho; pilau au biriani nzito iwekwe baadaye. Dakika 10 kabla, kila mtu hutyuni nyuma ya jukwaa, kisha wote hutyuni tena mbele ya watu kwa sauti moja iitwayo la, yenye mitetemo 440 hadi 442 kwa sekunde (hezi). Katika joto, nyuzi hushuka na vyombo vya kupuliza hupanda, hivyo obo zikiwapo hutyuni tena baada ya kila kazi ndefu. Si kuwachelewesha watu.

Programu hupangwaje?

Sehemu mbili za dakika 35 hadi 40. Idadi ya watu huamua mengi. Koncherto ya tatu ya Brandenburg ya mtunzi Bach, aliyoitoa kama zawadi mwaka 1721, imeandikwa kwa fidla 3, viola 3, chelo 3, besi na hapsikodi (kinanda cha zamani), kwa hiyo hukaa vizuri kabisa kwa kundi dogo. Serenade ya mtunzi Tchaikovsky ya 1880 ni kinyume chake. Mwenyewe aliandika kwenye nota kwamba kadiri wapigaji watakavyokuwa wengi ndivyo atakavyoridhika, na watu 14 hulazimika kufanya kazi kubwa ili isisikike nyembamba. Tungeiweka mwisho, vidole vikiwa vimepata moto, wala si usiku wa tatu mfululizo wa safari.

Wanaweza kupiga pamoja na kikundi cha taarab?

Wanaweza, na kwa Mombasa tunadhani wanapaswa. Sikio la mtu wa hapa limelelewa na fidla, udi na ganuni. Lakini mazoezi mawili hayatoshi, yatengwe manne.

Tatizo la kwanza ni robo, yaani robo ya toni. Katika maqamu (ngazi ya sauti za Kiarabu) ya Rasti, sauti ya tatu haiko kwenye kinanda: ikianza do, iko katikati ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni) na mi. Fidla haina mipaka ya vidole, kwa hiyo inaweza, ila mpigaji aliyesoma Ulaya lazima aisikie na kuiimba mara nyingi kabla kidole hakijaipata. Kodiani ya kawaida haina robo kabisa. Mtunzi asiweke maharmonia (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kizungu chini ya Rasti, kwa sababu yataivuta ile sauti ya tatu juu au chini na ladha yote ipotee. Chelo na besi zishike sauti ya msingi na ya tano tu.

La pili ni kusoma. Watu wa okestra husoma nota, wa taarab wengi hushika kwa sikio. Rekodini wimbo kwa simu, uandikwe, lakini zoezi la kwanza nota zifungwe na wote waige sauti ya mwimbaji. Anayepamba ni mwimbaji na ganuni. Fidla 8 zikipamba kila moja kwa njia yake, shairi halisikiki. Kazi yao ni kujibu mwisho wa kila mshororo, kwa umoja, kisha kunyamaza. Bashrafu ya kufungulia ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu haina maneno na kila mtu hupiga.

Ganuni ina nyuzi 70 na ushei, tatu tatu kwa kila sauti. Apewe mpigaji wake dakika 40 za kimya ukumbini kabla ya wengine kuingia. Na ufunguo wa wimbo uchaguliwe na koo la mwimbaji, si na urahisi wa fidla.

Makofi hupigwa lini? Na kutunza?

Kazi moja huwa na sehemu tatu au nne zenye kimya kati yake. Desturi ni kupiga makofi mwisho wa yote, ila ukipiga mapema hujamkosea mtu. Kutunza jukwaani kama kwenye taarab kuachwe hadi wapigaji wainuke, kwa kuwa anayekaribia hutikisa stendi na huziba macho yanayotazamana. Wenyeji waweke sanduku mlangoni, litangazwe. Watoto wanakaribishwa, wakae pembeni mwa safu ili mzazi atoke nao bila kuwainua watu kumi.

Mwanangu ameipenda fidla. Tuanzie wapi?

Pima mkono, usiangalie umri peke yake. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla iwekwe begani, na kiganja kiweze kukizunguka kichwa cha fidla huku kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. Wengi wa miaka 6 huangukia fidla ya ukubwa wa robo, wa 8 au 9 nusu, wa 10 robo tatu, na ya ukubwa kamili karibu miaka 11 au 12. Usimnunulie kubwa ili akue nayo, ataumia bega. Ya bei nafuu ibadilishwe nyuzi na kutengenezwa daraja na fundi kabla ya somo la kwanza, maana daraja la kiwandani huwa refu mno na mtoto huona kosa ni lake. Anayetaka taarab na nota kwa pamoja, chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoko Unguja kinafundisha yote mawili tangu 2002.